Kuchuja Intaneti ya Shule: Kazi Kubwa Iko Katika Kufungua

Shule yetu ni sekondari ya serikali ya bweni, yenye maabara moja ya kompyuta 40 na Wi-Fi inayofika katika ofisi ya walimu na jengo la utawala. Tulipounganishwa na mkongo wa intaneti, kikao cha walimu kiliamua mara moja kwamba hakuna mwanafunzi atakayeingia mtandaoni mpaka "mambo machafu" yazuiwe, na kazi hiyo nikakabidhiwa mimi kwa sababu ndiye ninayefundisha somo la kompyuta. Ninaandika haya kwa mwalimu mwingine atakayekabidhiwa kazi kama hiyo kwa namna hiyo hiyo, yaani bila bajeti na bila kuelezwa machafu yanaanzia wapi na kuishia wapi. Msimamo wangu niuseme mapema: kuzuia ni sehemu nyepesi ya kazi hii, na mtu mwenye ruta nzuri na utulivu huimaliza upesi, sehemu nzito ni kujua umezuia nini pasipo haki, na kukifungua kabla mwanafunzi hajakata tamaa akaacha kuuliza.

Kikao kilikuwa na picha za ngono tu akilini. Mimi niliomba tuongeze kubeti, kwa kuwa vijana wa kidato cha tano na cha sita waliozoea kuweka mikeka kwa simu za kaka zao wakati wa likizo hurudi shuleni na hamu ya kufuatilia matokeo, na tuongeze pia tovuti za ulaghai, hasa zile zinazojitokeza majira ya matokeo ya NECTA na ya maombi ya mikopo zikijifanya za serikali ili zikusanye namba za simu na nywila. Jambo la nne halina uhusiano wowote na maadili, nalo ni kasi: mwalimu wa Fizikia hawezi kuonyesha video ya dakika tano ikiwa kompyuta nyingine 39 zinapakua masasisho ya Windows kwa wakati mmoja. Hili la mwisho lilinisaidia sana kuwashawishi walimu ambao hawakuona kwa nini wajali kichujio cha wanafunzi.

Zipo njia mbili kuu za kuchuja. Ya kwanza inaangalia jina la tovuti ambayo kompyuta inataka kwenda. Ya pili inafungua kilichomo ndani ya ukurasa na kukisoma. Mlinzi wa getini anayekuuliza unakwenda kwa nani ni tofauti na mlinzi anayepekua begi lako, na shule inatakiwa iamue mapema inamtaka yupi. Zamani kupekua kulikuwa rahisi, kwa sababu kurasa nyingi zilisafiri wazi. Shule ziliweka seva ya proksi, yaani inayochukua kurasa kwa niaba ya kompyuta, aina ya Squid, zikaweka juu yake programu kama DansGuardian iliyohesabu maneno mabaya ndani ya ukurasa na kuupa alama, na ukurasa uliopita kiwango ukazuiwa. Mambo yalibadilika tovuti zilipohamia HTTPS, njia inayosimba ukurasa usisomeke njiani, hasa baada ya mradi wa Let's Encrypt kuanza kutoa bila malipo vyeti vya kuthibitisha tovuti mwishoni mwa 2015. Leo karibu kila ukurasa husafiri ukiwa umesimbwa, na anayetaka kuusoma njiani hana budi kuweka cheti chake mwenyewe katika kila kompyuta, kisha seva yake ijifanye ndiyo tovuti, isimbue kila kitu, ikisome, halafu ikisimbe upya na kukipeleka mbele.

Kiufundi jambo hilo linawezekana, na programu za bure za kulifanya zipo. Nililikataa. Kwa Wi-Fi ile ile walimu wenzangu huingia ESS, mfumo wa watumishi wa umma, kuomba likizo na kuangalia hati zao za mshahara, hujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wao, na wengine huingia katika akaunti zao za benki. Sitaki kuwa na mashine stoo yenye uwezo wa kuona nywila ya benki ya Mkuu wa Shule, wala sitaki siku moja nitakapohamishwa mashine hiyo ibaki mikononi mwa mtu nisiyemjua. Kwa maabara peke yake hoja hiyo ina uzito mdogo zaidi, lakini hata huko wanafunzi huingia katika barua pepe zao, na mtoto wa miaka 15 ana haki yake ya barua. Mlinzi wetu anauliza jina la unakokwenda, basi.

Kabla ya kufungua tovuti, kompyuta huuliza seva ya DNS jina hilo lina anwani gani ya namba, na huduma ya kuchuja ni seva ya DNS inayokataa kujibu majina mabaya. Kuchagua huduma hiyo ndiyo hatua iliyonichukulia muda mfupi kuliko zote. Cloudflare wana anwani ya 1.1.1.3 inayozuia virusi na ngono bila malipo na bila kujisajili. OpenDNS, ambayo tangu 2015 ni mali ya Cisco, wana FamilyShield katika 208.67.222.123, CleanBrowsing nao wana ya kwao. Zote zinatosha kwa kuanzia, na shule ndogo yenye ruta moja na kompyuta kumi inaweza kuishia hapo. Sisi tulitaka sheria tofauti kwa maabara, walimu na utawala, pamoja na orodha yetu wenyewe, kwa hiyo nilichukua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo, nikaiwekea mfumo wa Debian na programu ya AdGuard Home inayojibu maswali ya majina na kuyachuja, nayo ikiwa haina jibu huuliza 1.1.1.3. Ruta yetu ni MikroTik, kama ilivyo katika shule na ofisi nyingi huku kwetu, na nitakayoyasema yanafuata msamiati wake, ingawa ruta nyingine yoyote ya maana inaweza kuyafanya.

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Wanaandika anwani ya seva ya kuchuja katika DHCP, huduma ya ruta inayoipa kila kompyuta mipangilio yake ya mtandao, wanajaribu tovuti moja mbaya, inagoma, wanafurahi na kufunga ofisi. Lakini mwanafunzi yeyote anayeweza kufungua mipangilio ya mtandao ataandika 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google isiyochuja, mahali pa anwani yako na kuendelea na safari. Dawa yake ni kuiambia ruta ikamate kila swali la jina linalotoka kupitia poti 53, mlango wa kawaida wa maswali ya DNS, la UDP na la TCP, na kulielekeza kwenye seva yako bila kujali mwulizaji alitaka kumwuliza nani. Mwanafunzi aliyeandika 8.8.8.8 ataona kama amefaulu, ila jibu atakalopata ni lako.

Kanuni hiyo ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kusahau kuiondoa seva yenyewe katika kanuni, kwani nayo huuliza maswali kupitia poti 53. Usipoiondoa, swali lake hurudishwa kwake mwenyewe na intaneti ya shule nzima husimama. Mtego wa pili ni mgumu kidogo kuugundua. Seva ikiwa katika mtandao mdogo ule ule wa kompyuta za wanafunzi, ruta hugeuza anwani ya swali na kulipeleka kwa seva, lakini seva hulijibu moja kwa moja kwa kompyuta bila kupitia ruta. Kompyuta iliyouliza 8.8.8.8 huona jibu linatoka kwa asiyeulizwa na kulitupa. Unaweza kuitibu hali hiyo kwa kuiambia ruta ijifanye ndiyo mwulizaji, ila hapo maswali yote yaliyokamatwa yataonekana kana kwamba yametoka katika ruta, nawe utashindwa kutofautisha maabara na ofisi. Nilichofanya ni kuiweka seva peke yake katika VLAN yake, yaani mtandao mdogo uliotenganishwa na mingine juu ya vifaa vile vile, yenye anwani za 192.168.50, mbali na maabara, walimu na utawala, ambao nao kila mmoja ana VLAN yake. Hivyo jibu hulazimika kurudi kwa njia lilikotokea, na AdGuard Home huona kila mwulizaji kwa anwani yake halisi na kumpa sheria za kundi lake.

Kuna desturi nyingine ambayo nimeikuta katika shule kadhaa: kuweka anwani ya pili ya DNS isiyochuja, eti kama akiba ya kwanza ikizimika. Kompyuta haina wajibu wa kuheshimu mpangilio huo. Inaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na matokeo yake ni kichujio kinachofanya kazi leo na kulala kesho bila sababu inayoonekana. Akiba yetu imo ndani ya ruta: zana yake ya Netwatch huiangalia seva kila baada ya muda mfupi, na ikiona imekufa, maswali yote huelekezwa 1.1.1.3 mpaka itakapofufuka. Tunapoteza orodha zetu kwa muda huo, lakini hatubaki wazi. Kama mtoa huduma wako anakupa pia anwani za IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao, kumbuka kwamba kanuni za IPv4, aina ya zamani, hazizigusi. Ziandikie kanuni zake au uizime kabisa katika VLAN ya maabara.

Poti 53 ikishafungwa, swali linalobaki ni la DNS inayosafiri ndani ya HTTPS, utaratibu uliopata kiwango chake rasmi Oktoba 2018. Kivinjari kinaweza kuuliza majina kupitia poti 443, ile ile inayobeba kurasa zote, na ruta haina namna ya kutofautisha. Firefox ina ustaarabu wake: kabla ya kuwasha utaratibu huo yenyewe, huuliza jina la use-application-dns.net, na likijibiwa kwamba halipo, huelewa kwamba mtandao huu una kichujio na kuacha. Ustaarabu huo haumhusu mtumiaji aliyewasha kwa mkono wake, kwa hiyo katika kompyuta za maabara niliweka sera zinazoufunga kabisa, kwa Firefox na kwa Chrome, nikazuia majina ya seva za aina hiyo zinazojulikana, na kufunga poti 853 inayotumiwa na ndugu yake wa karibu. Akaunti za wanafunzi katika Windows si za msimamizi, na Chrome yao haikubali kuongezewa kiendelezi chochote, kwa sababu nusu ya viendelezi wanavyotafuta ni VPN, yaani njia ya siri inayopita juu ya kichujio.

Kuhusu VPN niseme neno moja la pembeni. Walimu wengi walishangaa kwamba wanafunzi wa kidato cha pili wanazifahamu. Mimi sikushangaa. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilipokuwa migumu kufikika nchini, kila mtu mzima mwenye simu janja alitafuta VPN, na waliowawekea wazazi na wajomba zao programu hizo walikuwa watoto wa nyumbani. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikatangaza kwamba anayetumia VPN anatakiwa kuisajili, na mwaka 2025 mtandao wa X ukafungwa, kwa hiyo maarifa hayo hayakupata nafasi ya kusahaulika. Ninazuia majina ya huduma kubwa za VPN, ninazuia programu kuendeshwa kutoka katika flashi, na baada ya hapo ninakubali kwamba mwanafunzi mmoja mwerevu atapenya. Nikimgundua, nitamwita katika klabu ya kompyuta.

Injini za kutafuta ni jambo jepesi lakini la lazima, kwa sababu unaweza kuzuia tovuti zote mbaya duniani na bado picha zake zikaonekana katika ukurasa wa matokeo ya picha. Google wana jina maalumu la forcesafesearch.google.com, ukielekeza google.com na google.co.tz kwenye jina hilo, utafutaji salama huwaka na mtumiaji hawezi kuuzima. Bing wana strict.bing.com na DuckDuckGo wana safe.duckduckgo.com. YouTube ina ngazi mbili, kali na ya wastani. Ile kali ilitunyima masomo mengi ya sayansi ambayo hayana doa lolote, tukahamia ya wastani, nayo ina faida ambayo sikuitarajia: huficha maoni ya watazamaji chini ya video, na huko ndiko matusi mengi yanakokaa.

Sasa nije kwenye orodha. Mbali na zile za kampuni, Chuo Kikuu cha Toulouse Capitole nchini Ufaransa kinatunza orodha za bure zilizopangwa kwa makundi, ambazo Fabrice Prigent amezisimamia kwa miaka mingi, na shule nyingi duniani huzitumia. Niliongeza kundi la kubeti kutoka huko. Hata hivyo mtu asitegemee kwamba mtunza orodha wa Ulaya anaijua mitaa yetu. Blogu za Kiswahili zinazosambaza zile video ambazo vijana huziita "koneksheni" hubadilisha anwani kila mara, wasomaji wake wote wako Afrika Mashariki, na orodha za kimataifa huchelewa kuziona au hazioni hata moja. Vivyo hivyo kampuni ndogo za kubeti zenye anwani za .co.tz. Orodha yetu ya nyongeza ni faili fupi ninaloliongezea jina moja moja, na ndilo pekee lenye maarifa ambayo hayapatikani kwingine.

Mwalimu mmoja alipendekeza tuzuie kwa maneno: tuandike matusi yote ya Kiswahili, na jina lolote lenye tusi ndani yake lizuiwe. Pendekezo hili hurudi kila mwaka, na jibu lake ni la zamani. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza kujisajili, kwa sababu herufi za tusi moja la Kiingereza zimo katikati ya jina la mji wao. Kiswahili kina balaa kubwa zaidi, kwa kuwa vitenzi vyetu huanza na ku-. Msomaji na atafakari silabi mbili za mwanzo za "kumaliza", "kumaanisha" na "kumaizi", kisha aniambie ni ukurasa gani wa Kiswahili utakaobaki.

Kosa la kuzuia kisichostahili halihitaji ujinga wa aina hiyo ili litokee. Cloudflare yenyewe, ilipozindua huduma ya 1.1.1.3 Aprili 2020, ilijikuta imezuia tovuti za utetezi wa haki ambazo hazikuwa na picha yoyote ya ngono, ikalazimika kurekebisha na kuomba radhi. Google Translate huwekwa na baadhi ya orodha katika kundi la proksi, kwa sababu inaweza kukuonyesha ukurasa mwingine ndani yake, na huo ni msiba kwa mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili akaingia kidato cha kwanza kinachofundishwa kwa Kiingereza. Scratch, ambayo tunaitumia kufundishia programu, huhesabiwa kuwa michezo. Lakini makosa yanayoumiza zaidi ni ya afya, na hapa inabidi nisimulie.

Msichana wa kidato cha tatu alinifuata mezani kwangu wakati wa kipindi. "Shikamoo Mwalimu. Kompyuta yangu intaneti imekata." Nilipotazama safu yake, wenzake wa kulia na kushoto walikuwa mtandaoni bila shida. Nilikwenda kwenye kompyuta yake nikakuta kivinjari kimeandika kwamba kimeshindwa kuunganishwa na tovuti, na dirisha jingine, la kazi ya Biolojia waliyopewa juu ya mfumo wa uzazi, likiwa wazi pembeni. Tovuti iliyogoma ilikuwa ya hospitali moja ya nje yenye maelezo ya mzunguko wa hedhi. Mojawapo ya orodha nilizoongeza ilikuwa imeiweka katika kundi la watu wazima. Kuifungua kulichukua muda mfupi kuliko kurudi mezani kwangu.

Kilichonisumbua ni yale maneno yake, kwamba intaneti imekata. Alijua wenzake wanaendelea. Naamini alikuwa amekwisha kuhisi kwamba ukurasa umezuiwa, na kwamba kusema hivyo mbele ya darasa ni kujishtaki kwamba alitafuta kitu kibaya. Na kichujio cha majina hakimsaidii, maana hakina ukurasa wa kueleza: 1.1.1.3 hujibu jina lililozuiwa kwa 0.0.0.0, kivinjari hushindwa kufika popote, na mwanafunzi huona ujumbe ule ule anaouona umeme wa mnara unapokatika. Ukijaribu kuweka ukurasa wako wa maelezo, HTTPS itaukataa kwa onyo la cheti, na hilo linatisha zaidi. Kwa hiyo tumebandika karatasi ukutani, karibu na swichi ya taa, inayosema kwamba ukurasa usiofunguka huenda umezuiwa kwa makosa ya orodha, kwamba kuzuiwa si kosa la nidhamu, na kwamba mwanafunzi anaweza kuandika jina la tovuti katika daftari lililoko mlangoni bila kuandika jina lake.

Daftari hilo ndilo moyo wa mpango mzima. Mwalimu yeyote anaweza kuomba tovuti ifunguliwe, na mwanafunzi pia. Maombi ya wazi, kama ya afya, kamusi, vyuo na magazeti, nayafungua mwenyewe siku hiyo hiyo. Yenye utata hupelekwa kwa mwalimu wa taaluma na mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, tukaamua watatu. Mara chache tumekataa. Tuliwahi kubishana muda mrefu juu ya jukwaa moja la majadiliano lenye maelezo bora kabisa ya hesabu na pia uchafu usiosemeka, tukaamua lifunguliwe kwa VLAN ya walimu tu, mwalimu wa Hisabati atoe chapa ya anachokihitaji. Uamuzi huo haunifurahishi hadi leo, lakini kichujio cha majina hakiwezi kufungua nusu ya tovuti.

Pamoja na daftari, ninasoma kumbukumbu za AdGuard Home, na nazisoma kama malalamiko dhidi ya orodha. Natafuta majina yaliyozuiwa mara nyingi katika kipindi kimoja, kwa sababu darasa zima likigonga mlango mmoja, karibu kila mara mwalimu ndiye aliyewatuma. Mwalimu wa nidhamu aliziona siku moja katika kioo changu na kuniambia kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, hapo si una kila kitu? Nipe tu majina ya watano wa juu." Nilimwonyesha mstari mmoja unaotaja tovuti ya kubeti kutoka kompyuta ya safu ya pili, kisha nikafungua mbele yake ukurasa wa habari za Simba na Yanga. Hatukubofya chochote, lakini kumbukumbu zikajaa majina ya kubeti, yote yakitoka katika matangazo ya pembeni. Mstari wa kumbukumbu unasema kwamba kompyuta fulani iliuliza jina fulani. Hausemi kwamba kuna mtu aliyelitaka, wala hausemi ni mtu gani, na kompyuta moja ya maabara hukaliwa na wanafunzi wengi kwa siku. Mwalimu wangu alikuwa mwungwana, akaelewa. Ili jambo hili lisitegemee uungwana wa mtu, Mkuu wa Shule alisaini taratibu za ukurasa mmoja: kumbukumbu zinafutika zenyewe baada ya siku 7, hazitumiki kama ushahidi wa nidhamu, na za VLAN ya walimu zinahifadhiwa bila anwani ya mwulizaji. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, shule inayokusanya taarifa za watoto bila kujua inazihifadhi kwa sababu gani inajitafutia kesi.

Masasisho ya Windows nimeyasogeza usiku, na wakati wa mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta ruta huikata intaneti ya maabara kwa ratiba. Siku intaneti isipokuwepo, seva ile ile ya stoo inatoa Wikipedia nzima kwa Kiwix, programu ya kuisoma nje ya mtandao, bila bando lolote, na nimegundua kwamba wanafunzi huisoma kwa utulivu zaidi kuliko wakiwa mtandaoni, pengine kwa kuwa hakuna kingine cha kufungua.

Umeme ndio uliotusumbua kuliko wanafunzi. Ukikatika, ruta hurudi kwa haraka lakini kompyuta ya zamani ilikuwa ikisubiri mtu aiwashe. Nilibadilisha mpangilio katika BIOS ili ijiwashe umeme unaporudi, na bodi ya shule ikatununulia UPS ndogo inayobeba vyote viwili. Gharama nyingine zilikuwa nyaya na swichi moja ya kutenganisha VLAN. Programu zote ni za bure.

Limebaki suala la uhamisho, ambalo kila mwalimu wa serikali anajua kwamba halipigi hodi. Nimekuta shule zenye vichujio vizuri ambavyo hakuna anayeweza kuvigusa, kwa sababu nywila iliondoka na mwalimu aliyekwenda mkoa mwingine, na ufumbuzi wa aliyekuja baada yake ulikuwa kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani na kuanza upya bila kichujio. Nywila zetu na mchoro wa VLAN zimo katika bahasha iliyofungwa kwenye kabati la Mkuu wa Shule, na nakala ya mipangilio ya ruta huhifadhiwa humo kila muhula katika flashi. Ndani ya bahasha kuna pia maelekezo ya ukurasa mmoja: jinsi ya kufungua tovuti iliyozuiwa kwa makosa yametangulia, jinsi ya kuzuia mpya yanafuata, na mwisho kabisa kuna kanuni ya poti 53 iliyoandikwa neno kwa neno, pamoja na onyo la kutoihamishia seva katika VLAN ya maabara hata kama waya wa stoo utaonekana mfupi.